Kungoja Bandarini

Wengi wa wasomaji wetu wa Uluguru hawajapanda jahazi, lakini kungoja tufani ipite wanakujua. Masika yakishika, mto Ruvu hujaa, na mwalimu mwenye safari ya ng'ambo hukaa ukingoni siku tatu, akitazama magogo yakichukuliwa kwenda baharini, upande wa Bagamoyo.

Habari ya namna hiyo imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Merikebu ilikuwa na watu 276, na wakati wa baridi umekaribia. Paulo akawaonya wasiondoke Bandari Nzuri, huko Krete. Lakini akida akamsikia zaidi nahodha. Wala shauri la nahodha halikuwa la kipumbavu, maana alitafuta tu bandari bora, kisiwani humo humo. Upepo mwanana wa kusini ndio uliowadanganya.

Upepo huo nasi twaujua: ni asubuhi ya jua katikati ya masika. Maji yamepungua kidogo, mtu hujitwika mzigo avuke, kumbe huko juu Mgeta mvua ingali yanyesha.

Usiku wa kumi na nne walikuwa wangali wakitupwa na mawimbi. Merikebu ikavunjika Malta, watu wote wakaokoka. Huko kisiwani ilikuwako merikebu ya Aleksandria, iliyokaa wakati wote wa baridi. Baada ya miezi mitatu ikatweka, ikawachukua.