Ethi ya Urefu wa Kiganja

Nilikwenda Chanika, Dar es Salaam, kwa habari nyingine kabisa. Fundi umeme mmoja akaniita nyuma ya nyumba, akainama, akavuta fimbo ya ethi kwa vidole viwili. Ikatoka pamoja na mchanga mkavu. Urefu wake ulikuwa kiganja tu, ilhali ilipaswa kuzama ardhini zaidi ya mita moja. Aliyeikata alikuwa mjanja: aliacha kichwa cha shaba kikichungulia kando ya msingi, na waya wa kijani na njano umekazwa vizuri. Ukipita, unaapa ethi ipo.

"Hii imepita kwa wote," alisema. "Kila mmoja kaona kichwa."

EWURA, mdhibiti wa nishati na maji aliyeanza kazi mwaka 2006, hutoa leseni za mafundi na wakandarasi wa umeme kwa madaraja. TANESCO, shirika la umeme, hupokea maombi yenye mchoro uliogongwa muhuri wa mkandarasi, hukagua, hufunga LUKU, mita ya malipo ya kabla. Nyaya za baada ya mita ni mali ya mwenye nyumba. REA, wakala wa nishati vijijini, nayo ina vijiji vyake. Kwenye karatasi, kila mtu na lake.

Mtaani, anasimulia fundi, kijana asiye na leseni hutandaza nyaya, kisha mwenye leseni, ambaye huenda hata mlango wa nyumba haujui, hugonga muhuri kwa malipo. Mkaguzi naye ana msururu wa wateja wanaomngoja. Hakuna anayefukua.

Siku ya kuwasha, taa huwaka na friji hugandisha. Balaa ni siku waya wa moto utakapogusa bati la friji. Kwa ethi kama ile, umeme haupati njia ya kutosha kushuka ardhini, breka haikati, na bati hubaki na volti 230 likimngoja mtoto aliyetoka kuoga, yuko peku.

Fundi haombi taasisi mpya. Anataka ethi ipimwe, ohmu zake ziandikwe kwenye fomu pamoja na jina la aliyepima, na jina hilo lisifutike maadamu mita ipo. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ila apime nani? TANESCO, inayodaiwa kila siku iunganishe upesi? EWURA, yenye ofisi za kanda tu? Na nyumba zilizokwisha kuwashwa, nani atazirudia?

Nilimuuliza kama ataripoti ile ethi. Akatikisa kichwa. Mwenye muhuri uliogongwa kwenye mchoro wa nyumba ile ndiye anayempa vibarua.