Vinanda vya Umeme na Haja ya Ushirika katika Changamwe

Ala ya muziki haifanywi kuwa mwenyeji wa nchi na mtu mmoja aliyeinunua, hata awe hodari namna gani. Hufanywa mwenyeji na jamaa ya watu wanaoipiga, wanaoitengeneza inapoharibika, na wanaopeana maarifa yake pasipo choyo. Kanuni hii ni kongwe katika pwani yetu, na leo ina haja ya kukumbushwa, hususan kwa wapenzi wa vinanda vya umeme walioko upande wa bara wa Mombasa, kutoka Likoni na Kisauni hadi wadi ya Airport katika Changamwe, ambao wamezagaa makanisani, arusini, hotelini na katika vyumba vidogo vya kurekodia, na ambao aghalabu hufanya kazi kila mtu na yake, kila mtu na siri yake.

Tutazame nyuma kidogo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze kupiga qanuni. Lau elimu ile ingalibaki vidoleni mwa mtu mmoja, ingalizikwa pamoja naye. Lakini ilipata wa kuirithi, na mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaasisi chama cha Ikhwani Safaa, kikaagiza ala kutoka Misri, na hata leo, baada ya waasisi wote kufariki dunia, chama kingali hai. Mombasa nayo ilikipokea kinanda kidogo cha Kijapani, taishokoto, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912, chenye nyuzi za kupigwa na vitufe vya kubonyezwa mfano wa taipureta. Kikaingia katika taarabu ya mji huu, kikamsindikiza mwimbaji Zuhura Swaleh, hata msikilizaji asiyejua asili yake angeapa kwamba kilizaliwa Mji wa Kale.

Baada yake kikaja kinanda cha umeme, na nduguye mwenye uwezo zaidi, sinthesaiza. Tofauti yao ni dhahiri: kinanda cha kawaida humpa mpigaji sauti zilizokwisha tayarishwa kiwandani, ilhali sinthesaiza humpa malighafi ya sauti, naye akaichuja, akaikaza, akaipa mwanzo wa ghafula au wa taratibu, mpaka ikatokea sauti ambayo sikio halijapata kuisikia. Robert Moog wa Marekani, aliyeanza kazi kwa kuunda na kuuza ala za umeme ziitwazo theremini, alidhihirisha mtambo wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1964, na mwaka 1970 kampuni yake ikatoa Minimoog, ambayo mtu aliweza kuichukua kwapani akaenda nayo kwenye shughuli. Wala isidhaniwe kwamba fani hii ni ya Wazungu na Wajapani peke yao. Mwaka 1944, huko Kairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mtambo wa kunasa sauti juu ya waya, akanasa uimbaji wa wanawake katika ngoma ya zari, kisha akaigeuza sauti ile studioni kwa mwangwi na uchujaji hata ikawa kitu kipya. Hayo yalitendeka miaka minne kabla Pierre Schaeffer hajasikizisha kazi zake za namna hiyo mjini Paris. Zari ni jamaa ya ngoma za pepo zinazofahamika pwani hii, na kwa hiyo nasaba ya sauti za umeme imepita karibu na mlango wetu kuliko wengi wanavyodhani.

Lakini jambo lenye ibra kubwa katika tarehe ya ala hizi ni mapatano. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya ndani, na kinanda cha mmoja hakikuweza kusemezana na kinanda cha mwingine, jambo lililowafaa wauzaji waliotaka kumfunga mnunuzi na likawadhuru wanamuziki wote. Dave Smith wa California na Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa kampuni ya Roland ya Japani, wakapendekeza lugha moja ya pamoja, na mwezi wa Januari 1983 vinanda viwili vya kampuni hasimu, Prophet-600 na Jupiter-6, viliungwa kwa waya hadharani, kimoja kikabonyezwa na kingine kikaitika. Lugha ile, MIDI, ina njia 16 na hesabu ya sauti 128, na hao walioibuni hawakudai ada kwa aliyetaka kuitumia. Kwa sababu walisamehe faida ndogo ya siku ile, kinanda cha 1983 chaweza hata leo kuunganishwa na kompyuta iliyotoka dukani jana. Nao wawili wakatunukiwa tuzo ya ufundi ya Grammy mwaka 2013. Ikiwa washindani wa biashara, waliotenganishwa na bahari kuu, waliweza kukubaliana, sembuse wapigaji wa Magongo na Port Reitz wanaotenganishwa na nauli ya matatu?

Haja ya mapatano kwetu ni kubwa kuliko kwao, kwa sababu muziki wetu una matakwa ambayo viwanda vingi havikuyafikiria. Kinanda cha kawaida kimegawa sauti katika vituo 12 vilivyo sawa, na maqamu za Kiarabu za Rasti na Bayati hazikai humo: sauti ya tatu ya Rasti husimama baina ya kitufe cheupe na cheusi, mahali pasipo na kitufe chochote. Mpigaji wa udi, kama alivyokuwa marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, hana taabu hiyo, maana shingo ya udi haina vizuizi na kidole huteleza mpaka kikapata robo ya sauti inayotakiwa. Mpigaji wa kinanda sharti aingie ndani ya mtambo, ashushe sauti hiyo kiasi cha senti 50, yaani nusu ya hatua baina ya vitufe viwili vinavyofuatana, kisha auhifadhi mpangilio huo. Viwanda vilipotambua soko la Waarabu vilitoa vinanda vyenye vitufe makhsusi vya kazi hiyo, lakini aliye na kinanda cha kawaida hulazimika kutafuta njia mwenyewe; akiipata, mara nyingi huificha, naye jirani yake hukesha akitafuta kile ambacho kimekwisha patikana nyumba ya pili.

Fauka ya hayo, ala hizi zina maradhi yake, na hewa yetu ya chumvi haizihurumii. Chini ya vitufe mna mpira wenye kaboni unaogusa shaba ili kuamsha sauti; unyevu na vumbi vikiingia humo, kitufe huwa bubu. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, mojawapo ya sinthesaiza zilizouzwa kwa wingi mno duniani, hutunza sauti zake 32 kwa nguvu ya betri ndogo iliyofichwa ndani, na betri ikiisha, kazi yote ya mwenyewe hufutika. Dawa ni nyepesi: sauti hizo zaweza kutolewa kwa waya wa MIDI zikawekwa katika kompyuta, na betri ikabadilishwa na fundi mwenye mkono mtulivu. Lakini dawa hiyo humfaa anayeijua kabla ya msiba.

Ruwaza ya ushirika haina haja ya kutafutwa ng'ambo, maana ipo papo hapo. Katika barabara ya Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege wa Moi, kuna ushirika wa wachongaji vinyago wa Kikamba ulioanzishwa 1963. Ufundi wao una asili ya mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuona uchongaji Tanganyika, akarudi nao Ukambani. Kutoka kwake ukaenea, hata Changamwe ikawa na uwanja ambamo mamia ya watu huchonga bega kwa bega na kuuza chini ya jina moja. Mchongaji hapotezi riziki kwa kuketi karibu na mchongaji mwenziwe, kwani mgeni hufika pale kwa sababu wako wengi.

Wapenzi wa sauti za umeme kwingineko wamekwisha anza. Nairobi, shirika la Santuri limefungua tangu 2021 chuo ambamo vijana hufunzwa kutunga kwa mitambo. Dar es Salaam, studio ya Sisso huko Mburahati iliwakusanya vijana wa muziki wa singeli, na santuri yao ya pamoja ya 2017 ikawatoa Uswahilini hadi majumba ya dansi ya Ulaya. Yatakiwayo Changamwe si makubwa kuliko hayo: chumba cha kuazima, siku maalumu ya kutengeneza ala zilizoharibika, daftari la nani ana kinanda gani na yu tayari kumwazima nani, na hazina ya mipangilio ya maqamu na midundo ya pwani, kuanzia chakacha hadi vugo, iliyoandikwa kwa namna ambayo kinanda chochote chaweza kuisoma. Simu na intaneti zitasaidia kuipeleka hazina hiyo Lamu, Tanga na Maskati, lakini hazitafundisha mkono wa mwanafunzi kushika koleo la umeme.

Yuko atakayesema kwamba siri ndiyo mtaji wa mpigaji, na kwamba akiitoa, arusi ya wiki ijayo itapewa mwingine. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani inasemwa na watu wenye watoto wa kulisha. Jawabu lake ni kwamba mwenye arusi hakodi mpangilio wa robo ya sauti. Hukodi mkono, sikio, adabu na kuja kwa wakati, na hayo hayanakiliki kwa waya. Kinachonakilika na kigawiwe, na kisichonakilika kibaki kuwa riziki ya mwenyewe. Ushirika utakaoandika sharti hilo katika kifungu cha kwanza cha katiba yake utawapata wanachama, na utadumu.