Ujumbe Ulifika, Padre Hakufika



Masika yaliyopita niliwaandikia viongozi wa vigango vyetu kwenye kundi la WhatsApp kwamba Misa ya Jumapili imesogezwa. Niliandika nikiwa nimekwama kwenye foleni ya malori hapa Tunduma. Majibu yakaanza kuingia: "Amina, Baba Paroko." Nikaridhika. Sikuangalia nani hajajibu.

Katekista wa kigango kimoja huko bonde la Momba hakuwa na chaji siku tatu. Waamini wakakaa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likazama. Bibi mmoja mgonjwa aliletwa kwa bodaboda, amefungwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke, akingoja Mpako wa Wagonjwa. Nilifika wiki iliyofuata. Alikuwa hai, namshukuru Mungu, nikampaka nyumbani kwake. Aliyeomba msamaha ni katekista, kwa kosa lililokuwa langu.

Labda wewe unaongoza ofisi Vwawa, na walio chini yako wako Mkwajuni na Itumba. Au una lori, dereva yuko Nakonde na wakala wako yuko upande huu. Kazini kwako, ni nani amenyamaza tangu wiki jana, nawe ukadhani amekuelewa?

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 15. Kanisa la Antiokia lilivurugwa na suala la tohara. Wakubwa wa Yerusalemu kwanza waliwasikiliza Paulo na Barnaba, waliotoka huko. Kisha wakaandika barua, fupi kabisa, lakini hawakuiachia barua kazi yote: walimtuma Yuda Barsaba na Sila wakaeleze kwa mdomo. (Sura hiyohiyo haijaisha, Paulo na Barnaba wakagombana juu ya Yohane Marko, wakaachana. Watakatifu nao!)

Hata mpakani petu, maofisa wa Tanzania na Zambia siku hizi wanafanya kazi katika kituo kimoja, ili mizigo isikaguliwe mara mbili. Foleni ingalipo, kila dereva anajua, lakini angalau wenzako unawauliza ana kwa ana.

Sasa kila Ijumaa nampigia yule katekista, na akikosekana natuma karatasi kwa bodaboda. Namwomba anirudishie nilichosema kwa maneno yake. Mwanzoni aliona aibu. Wiki mbili zilizopita alinikatiza: "Samahani Padre, tarehe uliyoitaja ni Jumatatu."