Upele: Asiyejikuna ndiye aliyekuwa akiwaambukiza

Mama mmoja aliniletea watoto watatu waliokuwa hawalali kwa kujikuna. Walishatibiwa upele mara mbili, ukaisha, ukarudi. Nilipomuuliza nyumbani anaishi na nani mwingine, akajibu, "Bibi yao tu, daktari, lakini yeye hajikuni." Nikaomba aletwe. Mikono ya bibi ilikuwa na magamba mazito ya kijivu ambayo familia ilidhani ni ya uzee.

Upele huletwa na utitiri mdogo sana. Jike huchimba kwenye ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mwasho unaousikia, hasa usiku, ni kinga ya mwili wako ikipambana na utitiri huo, mayai na kinyesi chake. Ndiyo maana anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiambukiza wenzake, wakati aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku chache tu.

Mtu mwenye kinga nzuri, hata akijikuna hadi kutoka damu, kwa kawaida huwa na utitiri 10 hadi 15 tu. Kwa mzee dhaifu, mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake au anayetumia dawa za steroidi muda mrefu, utitiri huzaliana hadi maelfu, hata mamilioni, na huenda asiwashwe kabisa. Magamba yake yakidondoka kwenye shuka au mkeka huambukiza. (Na zile krimu za steroidi za kununua dukani bila kupimwa hutuliza mwasho tu, utitiri unaendelea kuzaliana.)

Kwa hiyo nyumba nzima hutibiwa siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Dawa ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, na irudiwe kama ulivyoelekezwa. Kwa watoto wachanga na wazee mara nyingi hupakwa hadi kichwani, hivyo uliza kwanza. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Mwasho ukibaki wiki mbili au zaidi baada ya tiba, usikimbilie kujipaka tena, rudi upimwe.

Bibi alihitaji vidonge vya ivermektini pamoja na dawa ya kupaka, kwa awamu kadhaa. Wajukuu walianza tiba yao ya tatu siku hiyo hiyo, pamoja na mama yao, ambaye naye alikuwa hajaanza kuwashwa.