Kisu na Jina Lake: Ukusanyaji wa Visu vya Kuagiza katika Kisii na Nyamira

Katika nchi za Ulaya na Marekani imeenea desturi ya kukusanya visu vidogo vya kukunja, na hasa vile ambavyo havikutoka kiwandani bali vimeagizwa kwa fundi mmoja anayejulikana kwa jina. Mwenye kuagiza huchagua chuma, umbo na mpini. Fundi naye hutia mkono wake, na kitu kinachopatikana huitwa cha jadi hata kama kilifuliwa juzi. Desturi hiyo ikiletwa katika nchi ya Abagusii, yaani katika kaunti za Kisii na Nyamira za leo, hukutana na kikwazo cha kwanza katika lugha yenyewe. Kisu cha jadi cha mfukoni kinahitaji mfuko. Mavazi ya kale ya Abagusii yalikuwa ya ngozi, na ngozi ile haikuwa na mfuko wa kutilia kisu. Anayekwenda kwa mhunzi na kumwomba kisu cha namna hiyo anaomba kitu ambacho jadi haikukijua, ingawa mhunzi ana uwezo wa kukitengeneza.

Jina la kisu katika Kigusii ni omoyio, wingi wake emeyio. Neno hili limo katika ngeli ya omo-/eme-, iliyo sawa na ngeli ya M-/MI- ya Kiswahili. Kiswahili kimekiweka kisu katika KI-/VI-, na Kikuyu husema kahiũ kwa kisu kidogo na rũhiũ kwa panga au upanga. Mnasaba wa shina la Kigusii na lile la Kikuyu unaonekana, na si ajabu, kwa kuwa Guthrie aliziweka lugha hizi mbili katika kanda moja, Kigusii E42 na Kikuyu E51. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kazi ya viambishi. Kikuyu hutofautisha ukubwa wa chombo kwa kubadili ngeli tu. Kiswahili nacho kinafanya vivyo hivyo kwa kisu, jisu na kijisu, na yaonekana kimefanya hivyo tangu zamani kwa shina jingine: wembe, jembe, kijembe. Waganda husema akambe kwa kisu, na huenda shina ni lile lile. Kijembe ndicho chombo ambacho Mswahili wa zamani angekitaja mtu akimwuliza juu ya kisu cha mfukoni, ingawa siku hizi neno hilo husikika zaidi kwa maneno ya mafumbo kuliko kwa chuma.

Sehemu za kisu zina majina ya kutosha katika Kiswahili. Kuna makali, bapa na ncha. Kuna kengee, ambayo ni sehemu pana ya chuma yenye kukata. Kuna msuka, yaani ncha nyembamba inayoingia katika mpini. Kuna noleo, ile pete ya chuma inayobana mpini usipasuke mahali msuka unapoingia. Na kuna ala ya kukihifadhia. Msamiati huu umetokana na kisu kisichokunjwa. Msuka hupashwa moto na kusukumwa ndani ya mti, ukaunguza njia yake wenyewe na kushika. Kisu cha kukunja hakina msuka. Mahali pake pana tundu na ribiti, na nyuma yake pana utepe wa chuma unaosukuma kengee isijifunge mkononi. Utepe huo waweza kuitwa kamani, kwa mfano wa kamani ya saa. Lakini ule mwanya wa mpini unaomeza makali uitweje? Wako watakaopendelea kusema ala, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya kuficha makali, na hoja yao si dhaifu.

Agizo lenyewe lina lugha yake. Mhunzi hapimi kwa rula. Hupima kwa kidole, kwa nyanda na kwa shibiri, na mara nyingi mkono unaopimwa ni wa mteja. Kisha huja suala la chuma. Siku hizi aghalabu hutumika vyuma chakavu, na mafundi wa jua kali katika Kenya nzima hupenda springi za gari kuliko nondo za ujenzi. Sababu ni ya kikemia: springi ina kaboni ya kutosha, hivyo ikipashwa hadi iwe nyekundu na kuzamishwa majini au katika mafuta hugeuka ngumu, ilhali nondo ya kawaida hubaki laini na makali yake hujikunja. Chuma kilichokwisha kuzamishwa hivyo hakina budi kurudishwa kwenye moto mdogo, la sivyo makali hukatika kama kigae. Mkusanyaji asiyeuliza habari hizi hurudi nyumbani na umbo tu.

Mfano ulio bora wa chombo cha kuagiza katika nchi ya Abagusii hauhusiani na mapambo hata kidogo. Ni vyombo vya omobari, yaani mganga wa jadi mwenye kupasua vichwa (ababari kwa wingi). Upasuaji huo wa omotwe, neno ambalo Wakuyu huliita mũtwe, ulifanywa hasa kwa watu walioumwa na kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Umeandikwa na madaktari mara nyingi: kuna makala ya Grounds ya mwaka 1958, uchunguzi wa Margetts, tasnifu ya Meschig iliyotolewa Düsseldorf mwaka 1983, na makala ya Furnas na wenzake ya mwaka 1985. Ngozi ya kichwa ilipasuliwa kwa kisu kidogo, kisha mfupa ukaparwa polepole kwa chombo kilichopindwa nchani, mpaka kuufikia utando unaofunika ubongo bila kuutoboa. Kupara huku ndiko kulikoamua umbo la chombo. Chombo chenye ncha kali mno kingetoboa, na kilicho butu kingemchelewesha mgonjwa katika maumivu. Kwa hiyo mganga na mhunzi walikuwa na jambo la kuelewana juu ya unene wa chuma na mzingo wa ncha, na kosa la mhunzi lingelipwa na mtu wa tatu. Waandishi wa tiba wametazama majeraha na dawa kwa makini sana. Wanaisimu wangetamani wangetazama pia maneno ya agizo.

Kazi ya namna hiyo ina msingi. Whiteley, aliyehudumu katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, aliandika pia juu ya Kigusii, na utafiti wake juu ya mfumo wa nyakati za lugha hiyo ulitolewa mwaka 1960. Kwa upande wa vyombo, kitabu cha Jean Brown juu ya ufuaji wa chuma wa jadi katika Kenya kilichapishwa mwaka 1995. Mmoja aliishughulikia sarufi, mwingine chuma. Msamiati wa karakana umekaa kati yao.

Sheria nayo huongeza utata. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa, au kuingizwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Kisu kilichofuliwa mwezi uliopita kwa mfano wa kile cha kale, kikafukizwa moshi hadi mpini uwe mweusi, si kitu cha kale kisheria, na mkusanyaji aweza kudanganyika nacho kwa urahisi. Kadi yenye neno moja tu, kisu, haiwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Kadi inayofaa ingetaja jina la chombo katika Kigusii pamoja na ngeli na wingi wake, jina la kila sehemu kama lilivyotamkwa na fundi mwenyewe, asili ya chuma, mti wa mpini, nani aliagiza na kwa kazi gani, na mwaka wa kufuliwa. Fundi akiulizwa hayo yote huku mivukuto ikivuma, atayajibu bila shida. Akiulizwa baada ya kisu kuuzwa, hatakuwa nacho mkononi cha kuonyeshea.