Samaki ni Halali. Je, ni Twayyib?



Watu wa pwani tuna tahadhari kubwa juu ya nyama. Mama akimtuma mtoto buchari humuusia aende kwa fulani, kwa kuwa mchinjaji wake anajulikana. Lakini mtoto huyo huyo akitumwa samaki, haulizwi alikonunua, bali huulizwa chenji. Sababu yake twaijua: samaki hachinjwi, na mfu wa bahari tumehalalishiwa. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), nasi tumeifanya mto wa kulalia. Qur'ani Tukufu, katika Sura al-Baqara aya ya 168, imetaja mambo mawili kwa pamoja kuhusu chakula: kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani chema, safi, kisichomdhuru mlaji. Samaki aliyeharibika huenda alivuliwa kwa halali, lakini sifa ya pili imemtoka, na chenye kudhuru mwili hakifai kuliwa.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa sababu ya ada moja iliyoingia mitaani mwetu. Maafisa wa afya ya umma, ambao wazee wetu huwaita mabwana afya, wakionekana wanaelekea maduka ya samaki, simu hupigwa duka kwa duka. Milango hufungwa mchana kweupe, na majirani husema, "Ndugu yetu anaonewa, msitirini." Je, huku ni kusitiriana kulikoamrishwa na dini, au ni kusaidiana katika madhara?

Kwanza tujue bwana afya anatafuta nini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia wenye kuuza chakula. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya Vyakula na Dawa, Sura ya 254, zimempa afisa ruhusa ya kuingia dukani, kuchukua sampuli zikapimwe, na kuzuia chakula kisichofaa. Hutazama leseni, na vyeti vya afya vya wahudumu, ambavyo yapasa vifanywe upya kila baada ya miezi 6. Hutazama maji ya kuoshea, mtaro wa maji machafu, mbao za kukatia na visu. Zaidi ya yote, hutazama barafu.

Ni kwa nini barafu? Samaki mbichi yataka akae katika ubaridi wa barafu inayoyeyuka, karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na wa kugandishwa akae nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchana wa Mombasa hufika nyuzi 30. Katika joto hilo vijidudu huzaana upesi, na katika samaki kama jodari, sehewa, vibua na dagaa hutoa sumu iitwayo histamini. Sumu hii ina hila: samaki aweza kuwa nayo na bado akaonekana mzuri. Wala moto hauiondoi, hata ukimkaanga akakauka, na kumrudisha ndani ya friza hakuiondoi vilevile. Mlaji, baada ya dakika chache au saa moja au mbili, huwashwa mwili, uso ukamuwaka moto, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio, pengine akaharisha. Wengi husema, "Samaki huyu hanipatani," na wengine husingizia jicho la hasidi, kumbe kosa lilikuwa la barafu iliyokosekana asubuhi. Mgonjwa wa namna hii, hasa akitatizika kupumua, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

Sasa turudi katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tuzingatie, ndugu zetu: aliyeingiza mkono kukagua ni Mtume mwenyewe, na hakuna sahaba aliyemtangulia kumtahadharisha muuzaji. Na yule apangaye samaki wa leo juu na wa juzi chini, ana tofauti gani na mwenye fungu lile?

Wala ukaguzi si jambo lililoletwa na wakoloni. Dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, msimamizi wa masoko. Mwanachuoni al-Shayzari, aliyeandika kitabu cha hisba katika karne ya 12 huko Sham, aliwawekea wakaangaji samaki mlango wao mahsusi, akataka vikapu na sinia zao zioshwe kila siku. Basi anayemfungia bwana afya mlango aifunga kazi ambayo mababu zetu wa dini waliiona ni ibada.

Kusitiri kulikosifiwa ni kusitiri aibu ya mja, si kusitiri sumu itakayoliwa na mtoto wa jirani. Samaki mmoja akioza huoza wote, na duka moja likidhuru watu, riziki ya wauzaji waaminifu nayo huharibika.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Mama karanga anayekaanga samaki kando ya njia kulisha mayatima wake hana friza, na pengine bandari anakonunulia haina barafu wala maji safi. Kumwaga beseni lake bila ya kumfundisha na bila ya kaunti kumtengenezea mahali si uadilifu. Naye afisa apokeaye bahasha akapita, amekula rushwa na amewaachia watu maradhi. Amana hiyo ataulizwa.

Mama zetu na dada zetu, nanyi ni wakaguzi. Mtazameni samaki macho: yawe yamejaa na yang'are, si yaliyodidimia na kuwa na ukungu. Mfunueni mashavu: yawe mekundu. Mbonyezeni: nyama irudi mahali pake. Mnuseni: anuke bahari, asinuke shombo kali. Kaa anunuliwe angali hai. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na samaki wa kugandishwa wakawa wengi, mkatae aliyeyeyuka akagandishwa tena. Mkimnunua, mfikisheni nyumbani mapema. Na mkiona duka linaficha, mnasihini mwenyewe kwa upole. Akikataa, apelekewe habari afisi ya afya ya umma. Huko si kusengenya, ni kuzuia madhara.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na twayyib, awabariki wavuvi na wachuuzi wetu waaminifu, na ayalinde matumbo ya watoto wetu. Amin.