Picha Inayofuata Kichwa

Nikizungumzia uhalisia pepe mbele za watu, hakosi wa kunisahihisha kwamba mambo haya yalianza Oktoba 2021, Facebook ilipojiita Meta. Mwingine husema ile miwani ni mlango wa mashetani, na ushahidi wake ni kwamba mpwa wake aliivaa akatapika. Wa tatu, mwenye suti, anauza viwanja visivyo na ardhi. Huyo sina la kumwambia.

Nilipanga kufuata miaka. Mwaka 1838, huko London, Charles Wheatstone alionyesha kwa vioo kwamba michoro miwili bapa, kila jicho na wake, huonekana kama kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza ya Sensorama, kibanda cha sinema chenye upepo, harufu na kiti kinachotikisika. Ila geuza kichwa, picha haina habari nawe. Ndiyo maana naruka hadi 1968.

Mwaka huo mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland alitangaza kifaa alichokiunda na wanafunzi wake: kofia yenye skrini mbili ndogo, na vioo vilivyomwezesha mvaaji kuona mchemraba wa mistari mitupu ukielea katika chumba kilekile alichosimama. Juu ya kofia hiyo kulikuwa na mkono wa chuma uliofungwa darini. Husimuliwa mara kwa mara, hata na wataalamu, kwamba kofia ilikuwa nzito mno, ikabidi ining'inizwe isimvunje mtu shingo. Hapana! Mkono ule ulikuwa kipimo. Ukigeuka, viungio vyake vinageuka, ukichuchumaa, unarefuka, kompyuta inasoma badiliko hilo na kuuchora mchemraba upya kama unavyopaswa kuonekana kutoka pale jicho lilipo sasa. Sutherland mwenyewe aliandika kwamba kina kinacholetwa na macho mawili kina umuhimu, lakini si kama picha kubadilika kichwa kinaposogea. Anayesifia ung'avu wa skrini hajafika kwenye kiini.

Na kutapika kwa yule mpwa kumetokana na hilohilo. Ndani ya sikio kuna mfumo unaohisi mwendo wa kichwa. Picha ikichelewa, sikio linasema umegeuka, macho yanasema bado, na tumbo ndilo linaloumia. Wahandisi hupigania ucheleweshaji usizidi milisekunde 20 hivi. Hata hivyo, ukimkalisha mtu kitini na kumwonyesha gari linaloteremka mlima kwa kasi, atachafukwa vilevile, maana safari hii macho yanakwenda na sikio limetulia. Abiria wa boti ya Unguja aliyejifungia chumbani anayajua haya kinyumenyume. Pepo hahitajiki.

Sasa waandishi wa hadithi, ambao nimewabania nafasi yao. William Gibson husifiwa kwamba riwaya yake Neuromancer ya 1984 ilibashiri miwani hii. Wahusika wake hawavai miwani. Wanaunganisha ubongo moja kwa moja na mtandao, na mchemraba wa Sutherland ulikuwa na miaka 16 tayari. Sifa hiyo ningempa Stanley Weinbaum. Hadithi yake ya 1935, Pygmalion's Spectacles, ina miwani inayoleta sauti, harufu, ladha na mguso, na mvaaji akisema, viumbe waliomo humjibu. Wheatstone hakufika huko, wala Heilig aliyekuja baadaye. Weinbaum alifariki Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 33.